Ngazi ya Mama Présidente

Katika mtaa wetu wa Kikula hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mimi mwenyewe nililisikia mara moja tu, kanisani, nikalisahau kabla misa haijaisha. Alikuwa Mama Présidente, basi. Alikuwa rais wa akina mama Wakatoliki wa parokia, rais wa kikundi cha kusaidiana wakati wa kilio, na mwenye salle ya video, ukumbi wa kuonyeshea filamu uliokuwa nyuma ya nyumba yake. Urais wa kwanza alipigiwa kura. Wa pili alijipa mwenyewe na hakuna aliyethubutu kuuliza. Salle aliachiwa na marehemu mume wake, pamoja na televisheni moja kubwa, mabenchi ya mbao, groupe la umeme, yaani jenereta, lenye kikohozi, na mtoto wa mwisho aitwaye Fiston, ambaye hakupenda shule na hakupenda kuambiwa hivyo.

Mimi ni fundi wa redio na televisheni, na nilimfahamu kupitia vitu vilivyoharibika. Kwa miaka mingi hakuniita kwake kwa jambo jema hata moja. Aliniita kwa sababu picha imepotea, sauti imekauka, au waya umeliwa na panya. Nikifika, alinieleza ugonjwa wa mashine kama anayemshtaki mtu mbaya kwa mkuu wa mtaa, kisha alisimama nyuma yangu akinipa ushauri. Hakujua lolote kuhusu televisheni. Hilo halikumzuia kamwe.

Sauti yake ilikuwa ya mkutano. Hata akinunua nyanya sokoni alizungumza na muuzaji kama anayehutubia wajumbe, na baada ya kutaja bei yake alitulia kidogo, kana kwamba anangoja makofi. Hakuwa mrefu wala mnene, lakini alichukua nafasi. Kwenye benchi la watu wanne, akikaa yeye, walikaa watatu.

Shingoni alivaa rozari na rimoti ya televisheni, vyote kwenye kamba moja. Alisema ni kwa sababu vijana wanaiba rimoti, na ilikuwa kweli, lakini nadhani pia alipenda kuishika. Filamu zote zilitazamwa kwa masharti yake. Ikifika sehemu ya kubusiana, aliinuka bila haraka, akafungua liputa lake la juu, kile kitenge cha kujifunga, akalitundika mbele ya skrini mpaka jambo lipite. Sauti aliiacha. Vijana walinyamaza kimya kuliko wakati mwingine wowote, na yeye aliona hiyo ni heshima.

Umeme wenyewe ulikuja siku ulipotaka. Bwawa la Koni liko karibu nasi, mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, lakini umeme wake una haraka ya kwenda migodini na hausimami Kikula. Ndiyo maana groupe lilikuwa mtu muhimu katika salle ile kuliko mtazamaji yeyote. Likizima katikati ya filamu, Mama Présidente hakurudisha kiingilio. Alitumia giza hilo kufundisha.

Na kufundisha ndiko kulikokuwa ugonjwa wake. Hata umeme ukiwapo, alisimamisha filamu kwa rimoti yake, akageuka, akauliza kama katekista: huyu amekosa nini? Yule angefanya nini? Aliyejibu vibaya alihamishiwa benchi la mbele, ambako shingo iliuma. Baada ya muda vijana waligundua kwamba jibu moja linatosha kwa kila swali, wakawa wanasema wote pamoja, "Kiburi, Mama." Alitikisa kichwa kwa kuridhika, akabonyeza, filamu ikaendelea.

Nisiseme kwamba alikuwa mtakatifu, maana mwenyewe angenigombeza. Alichukia wizi kuliko dhambi nyingine zote, lakini disque zote za filamu za salle yake zilikuwa za kukopia, zimefungwa kwenye nailoni na picha iliyofifia. Siku moja Fiston alimwambia mbele yangu, "Mama, hii disque yenyewe baliiba." Alijibu bila kugeuka, "Mwizi ni ule aliikopia. Minye nilinunua." Alihubiri subira na aliwahi kukaa Kwaresima nzima bila kumsalimu kiongozi wa kwaya kwa sababu ya ugomvi wa sare. Alinikemea kwa kutofunga ndoa kanisani, na kila sikukuu alikuja kula bukari, ugali wetu, kwa yule mwanamke aliyesema si mke wangu, akamsifu, akaomba aongezewe mboga ya lengalenga.

Sasa lazima nieleze habari ya montée, la sivyo hayataeleweka yanayofuata.

Ukitoka mjini kuelekea Kolwezi, barabara inafika mahali inapanda, na hapo ndipo tunapopaita montée. Si mlima wa kutisha. Gari dogo halioni kitu. Lakini malori yanayobeba madini yakifika pale, yamejaa mpaka springi zimelala, yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Vijana wetu waliligundua hilo zamani. Walikimbia nyuma ya lori, wakashika kamba za bâche, turubai la kufunikia mzigo, kwa mikono, wakajivuta juu, wakachana turubai na mfuko mkubwa ulio chini yake, wakajaza madini kwenye mifuko midogo na kuwarushia wenzao waliobaki chini. Lori likifika juu ya mlima na kuanza kukimbia, walikuwa wamesharuka. Si wote waliokuwa na bahati hiyo. Wazazi waliosema watoto wao wako kwenye mgodi wa Kamatanda wakichimba, mara nyingine walisema hivyo kwa sababu wasingeweza kusema montée.

Kijana mmoja aliyeitwa Papy alishika kamba ya ubavuni iliyooza. Ilikatika naye akaangukia mbele ya magurudumu ya nyuma. Nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka kwa Mama Présidente, na Papy alikuwa rafiki wa Fiston tangu wakiwa wadogo.

Katika kilio cha Papy baadhi ya akina mama wa kikundi walikataa kupika. Walisema hawawezi kuwasha moto kwa ajili ya mwizi, na kwamba wakifanya hivyo watoto wengine wataona ni jambo la kawaida. Mama Présidente, adui mkubwa wa wizi, aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua sufuria mwenyewe. "Kilio haiulizaka kazi ya mufu," alisema. "Mutie maji ku moto." Wakatia maji.

Lakini aliporudi kukaa na wenzake aliwaona vijana wa montée wamekaa pamoja kwenye mkeka mmoja, na Fiston akiwa katikati yao. Viatu vyao vyote vilikuwa na vumbi lile lile, jeusi jeusi, linalong'aa kidogo, ambalo halitoki katika udongo wa Kikula. Haya aliniambia mwenyewe baadaye. Alimwuliza Fiston nyumbani, Fiston akakana. Alimwuliza tena, Fiston akaenda kuosha viatu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Tangu siku hiyo mwanamke huyu mwenye mambo mengi alibaki na jambo moja tu: Fiston asije akafa chini ya lori.

Mtu mwingine angempeleka mtoto kwa mjomba wake Lubumbashi, au angemnyima chakula. Yeye alitafuta filamu. Nilipokuwa nakwenda Lubumbashi kununua vipuri alinijia na agizo ambalo sijawahi kupewa na mteja mwingine. "Fundi, unitafutie filme kwenye bezi bote banakufa," alisema. "Na ikuwe ya kweli. Ya uongo bataseka."

Nilimpelekea muuzaji wa disque maneno hayo kama nilivyopewa. Hakushangaa, nadhani wauzaji wa disque wamesikia mengi. Alipekua boksi lake akanipa filamu ya meli iliyotekwa na maharamia, akaniapia kwamba ni kisa kilichotokea kweli, na kwamba mwishoni wezi hawabaki. Nililipa, nikaitia mfukoni, nikaenda kutafuta vipuri vyangu. Mimi nilitumwa tu.

Ilionyeshwa Jumapili baada ya misa ya pili. Alikuwa ametangaza mwenyewe mlangoni pa kanisa, akisema ni filamu ya mafundisho, na kwa kawaida hilo lingefukuza watu, lakini alisahau akataja kwamba ndani yake kuna bunduki. Salle ilijaa. Fiston alikaa nyuma, mguu mmoja nje ya mlango.

Hapa kwetu hakuna aliyewahi kuona bahari. Mtu aliyeona maji mengi kabisa ameona ziwa la Mwadingusha, na ziwa hilo lina ng'ambo. Niliogopa vijana wasielewe kitu. Walielewa upesi kuliko mimi. Meli ilipotokea, ndefu, nzito, imebebeshwa makontena mpaka juu, inakwenda taratibu, mmoja alisema, "Hii ni camion," na wengine wakakubali kwamba ni lori kabisa. Kapteni wakamwita chauffeur, kama dereva yeyote. Mabaharia wakawa convoyeurs, wale wasindikizaji wa mzigo. Mmoja aliuliza kwa nini mzigo mkubwa namna ile unasafiri bila escorte ya polisi, na mwenzake akamjibu kwamba labda kampuni ni ya bahili.

Kisha kikatokea kiboti kidogo na vijana wembamba ndani yake, macho mekundu, hawajala. Kapteni aliwaona kwa mbali, akaanza kuipinda meli huku na huku ili mawimbi yapige kile kiboti. Kiboti kikarushwa, kikarudi. Wakarusha ngazi ya chuma nyepesi yenye kulabu juu yake. Ikateleza ikaanguka majini, wakaivuta. Wakarusha tena. Nilijikuta nimekamata benchi. Kulabu zilishika ukingo, na yule wa kwanza akapanda, bunduki mgongoni, chini yake maji yanachemka. Hapo ndipo vijana wote wa salle walipopumua kwa pamoja, na nakumbuka nilijiuliza wanapumua kwa ajili ya nani.

Yaliyofuata yalikuwa marefu. Kapteni alishikwa. Maharamia wakadai fidia, wakagombana wenyewe kwa wenyewe, wakaanza kuogopa. Askari wakaja na meli zao kubwa. Mwishoni ilikuwa kama muuzaji alivyoapa. Maharamia walikufa, na kifo chao kilionyeshwa bila kufichwa, na Mama Présidente hakutundika liputa lake. Aliwaacha vijana watazame. Kisha akasimama mbele ya skrini, rimoti mkononi, akauliza tumejifunza nini.

"Kiburi, Mama," wakajibu, lakini kwa sauti ya chini, kama watu wanaofikiria jambo lingine.

Alifurahi mno. Sauti ile ya chini aliiona ni toba. Alinishika mkono pale mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akaniambia kwamba Mungu anipe maisha marefu. Wiki iliyofuata vijana wenyewe wakaomba filamu irudiwe, akairudia. Wakaomba tena. Walipenda hasa sehemu ya kiboti, na walipomwomba airudishe nyuma waione vizuri aliirudisha, kwa sababu aliona wanataka kuelewa dhambi inapoanzia. Alisimamisha picha pale pale kulabu zilipokamata ukingo. Walitazama kwa umakini ambao katekista yeyote angeuonea wivu.

Madereva ndio walioanza kuzungumza. Walisema vijana wa montée hawakimbii tena nyuma ya lori. Wanakuja na pikipiki, ubavuni, upande ambao kioo cha chauffeur hakioni. Mmoja anaendesha, mmoja nyuma yake ameshika ngazi nyepesi ya vyuma vya ujenzi, yenye kulabu juu. Anaitundika kwenye ukingo wa lori likiwa linatembea, anapanda kama anayepanda darini kwake, na pikipiki inaondoka na ngazi. Hawaanguki tena. Wanapanda wengi zaidi na wanashusha mizigo mikubwa zaidi. Kwa hiyo kampuni zikaongeza walinzi, na walinzi wakaanza kupiga risasi. Na ngazi ile, huko barabarani, ilikuwa na jina. Waliiita Ngazi ya Mama.

Jina hilo Mama Présidente alilisikia sokoni, kwa muuza samaki ambaye hakujua anazungumza na nani. Alikuja moja kwa moja kwenye banda langu, akakaa kwenye benchi la wateja bila kusalimu. Nilikuwa sijawahi kumwona akikaa bila kusalimu. Alitazama televisheni zilizofunguliwa matumbo.

"Fundi," alisema, "minye njo nilibafundisha. Balikuwa banaangukaka, sasa habaanguke tena. Nilibapatia ngazi."

Nilimwambia kwamba filamu si yake, na kwamba vijana wangeibuni ngazi hata bila yeye. Sikuwa na hakika na neno la pili. Alinisikiliza kwa adabu, ambayo kwake ilikuwa dalili mbaya, akaenda zake.

Baada ya siku chache aliikuta ngazi yenyewe nyumbani kwake. Ilikuwa imesimamishwa nyuma ya salle, kati ya ukuta na choo, imefunikwa na gunia. Vyuma vimechomelewa vizuri, kulabu zimezungushiwa mpira wa tairi ili zisipige kelele. Nyumba ile ilikuwa na mwanamume mmoja tu, basi hakuhitaji kuuliza ni ya nani. Hakupiga kelele, hakumwamsha Fiston. Angeweza kuipeleka polisi, lakini polisi wangetaka majina. Angeweza kuirudisha kwa mchomeleaji aikate, lakini mchomeleaji angetengeneza nyingine. Akaifunika tena na gunia lake akangoja Jumapili.

Katika parokia yetu matoleo huletwa kwa maandamano. Kwaya inaimba, ngoma inapigwa, na watu wanapanda kutoka mlangoni hadi altareni wakicheza taratibu, hatua mbili mbele, moja nyuma. Mmoja ameinua beseni la unga, mwingine nanasi, mwingine ameshika kuku miguu. Akina mama wa parokia hutangulia na sare zao, na rais wao huwa wa kwanza. Jumapili hiyo aliingia wa mwisho. Kichwani hakuwa na beseni. Alikuwa na ngazi, ameilaza kwenye kata ya kitambaa, kulabu zinatazama mbele, na alicheza hatua zile zile, bila kukosea ngoma.

Kwaya iliendelea mpaka ubeti ukaisha, kisha ikakosa la kufanya. Watu waligeuka. Waliojua ngazi ile ni nini waliwanong'oneza wasiojua, na mnong'ono ulitangulia mbele yake ukafika altareni kabla yake. Padri, mtu mpole ambaye alikuwa ametoka Kamina mwaka huo huo, alinyoosha mikono apokee, akaona hajui ashike wapi.

"Padri," alisema Mama Présidente, kwa sauti yake ya mkutano, "hii njo matunda ya kazi ya mukono yangu. Naileta kwa Mungu, aishike Yeye."

Hakutaja jina la mtu. Aliiweka chini kati ya nanasi na unga, akapiga magoti, akarudi mahali pake. Mimi nilikuwa upande wa wanaume, na nilifanya walichofanya wote: niligeuza kichwa nikamtafuta Fiston. Alikuwa amesimama karibu na nguzo. Alitoka nje kabla ya komunyo.

Ngazi ilibaki parokiani. Msakristia aligundua kwamba kulabu zile zinashika vizuri kwenye mihimili ya dari, na tangu hapo taa za kanisa letu hubadilishwa kwa urahisi ambao hatukuwahi kuwa nao. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Walichoambiana mama na mtoto nyumbani baada ya misa nilikisikia nje ya ukuta wao, ambako nusu ya mtaa ilikuwa imesimama pamoja nami. Fiston hakupiga kelele. Alisema, "Haukutaja jina, lakini kila mutu aliniangalia minye." Mama yake akasema kwamba ni afadhali wamwangalie akiwa mzima. Fiston akasema kwamba kuanzia leo hana mama wa kumwambia neno, akachukua blanketi na redio niliyomtengenezea, akaenda. Hakwenda mbali. Alikwenda kuishi na wenzake kwenye vibanda vya nailoni karibu na montée, mahali hasa mama yake alipotaka asiende.

Mtaa uligawanyika. Wengine walisema amefanya vizuri, mchelea mwana kulia hulia yeye. Wengine walisema mtoto wa kiume haaibishwi mbele ya altare, na kwamba kwa kutaka kumtoa barabarani amemsukuma. Nilikubaliana na wote wawili, kutegemea nilikuwa nazungumza na nani. Mama Présidente hakujitetea. Aliacha urais wa akina mama na wa kikundi cha kilio, ambao wengi walikuwa wanautamani, na walipoupata wakaona ni kazi nyingi. Salle aliifunga. Televisheni ile kubwa aliipeleka parokiani. Cheo kilimbaki mdomoni mwa watu, na hivyo tuliendelea kumwita Mama Présidente, rais wa hakuna kitu. Asubuhi nilimwona akitoka na sufuria kichwani, jioni akirudi amechoka. Nilidhani anauza chakula sokoni, na nilifikiri, angalau anafanya kitu.

Mwaka huu, wakati wa kiangazi, niliitwa kwenda kutengeneza antena kwenye kambi moja ya wafanyakazi upande wa Kolwezi. Nilipanda pikipiki ya abiria alasiri. Tulipofika montée dereva wangu alipunguza mwendo, kwa sababu mbele yetu palikuwa na lori limeanza kupanda, na pembeni ya barabara nilimwona amekaa kwenye kigoda, sufuria mbele yake, na sahani zimefunikwa na kitambaa. Nikamwambia dereva asimame.

Alikuwa amepungua. Vumbi lilikuwa limemgeuza rangi moja na barabara. Alinisalimu kwa ukamilifu, akauliza habari za mke wangu na akamwita mke, nikajua mambo mengi yamebadilika. Alinipa bukari na samaki, akakataa nisimame nikila. Ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha vibanda vya nailoni, vijana walikuwa wamekaa na pikipiki zao. Nilizitambua ngazi. Zilikuwa nyingi.

Nilimwuliza kwa nini anauzia hapa, mahali pa vumbi na risasi, wakati soko liko.

"Juu mutoto iko huku," alisema.

"Anakusemesha?"

"Hapana. Tangu ile siku ya kanisa." Alipanga sahani zake. "Anatumaka mwenzake kununua bukari, anakula kule. Hajuwe kama namuonaka. Namuona kila siku, Fundi. Mama ya Papy haonaka wake tena."

Nilitaka kumwambia arudi nyumbani. Kabla sijasema, lori jingine lilitokea chini, refu, bâche limefungwa kamba mpya, injini inalia kwa uzito. Ng'ambo vijana waliinuka. Pikipiki moja ikawashwa, na aliyepanda nyuma, ngazi begani, alikuwa Fiston. Alikuwa amekonda. Alitazama lori, hakututazama sisi.

Mama Présidente aliweka kifuniko kwenye sufuria. Akainuka, akajifunga liputa kiunoni, akavuka barabara mbele ya lori lile bila kukimbia. Akaenda ule upande ambao kioo cha chauffeur hakioni. Akaweka mkono juu ya kamba ya bâche, kama mtu anavyoshika ukingo wa jeneza akilisindikiza, akaanza kutembea nalo. Lori lilipanda kwa mwendo wa mtu, na mtu alikuwa yeye. Nafasi kati ya lori na mtaro ilikuwa ndogo. Pikipiki isingepita bila kumgonga.

Dereva wangu aliniambia kwamba anafanya hivyo kila siku. Anasindikiza lori mpaka juu, anashuka, anakaa, likija lingine anainuka tena. Vijana wamemtukana, wamembembeleza, wamemwahidi pesa. Wengine wamehamia kwenye montée nyingine, mbali zaidi. Fiston hakuhama. Hakuna aliyejua kwa nini, maana mahali hapa hapati kitu.

Pikipiki ya Fiston ilimfuata kwa nyuma, injini ikinguruma. Nilisikia mwendeshaji akimpigia yowe yule mama atoke. Hakugeuka. Lakini alikuwa amechoka, nilimwona; mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta, na kila ulipoburuta alisogea kidogo upande wa magurudumu. Mara moja alijikwaa, na mkono wake ukachomoka kwenye kamba, na gurudumu lilikuwa karibu na liputa lake kiasi ambacho nilisimama, sahani mkononi, nikaita jina lake, lile nililodhani nimelisahau.

Fiston aliruka kutoka kwenye pikipiki ikiwa bado inatembea. Ngazi ikaanguka barabarani ikalia. Alikimbia akapenya kati ya mama yake na magurudumu, akamsukuma kwa bega mpaka ukingoni, kisha akashika kamba ile aliyoiachia mama, yeye sasa upande wa lori, mama yake upande wa mtaro. Nilidhani atamrudisha chini. Hakumrudisha. Mama alikuwa bado anatembea, na asingesimama, na yeye alijua asingesimama. Basi alitembea pia. Hawakutazamana na hawakusemezana. Walipanda hivyo, ubavu kwa ubavu, wakisindikiza mzigo wa watu wengine, na chauffeur aliyekuwa mbele hakujua kama wapo.